Bosi anataka C15.9 zipungue kwenye ripoti. Nifanyeje bila kudanganya?

Karani_wa_Mafaili, Jumanne saa 3 usiku

Wakuu habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mtu wa rekodi kwenye hospitali moja ya misheni huku kaskazini mwa Tanzania, jina naliacha. Huu ni mwaka wangu wa tano. Nasoma mafaili ya walioruhusiwa na waliofariki, kisha naweka misimbo ya ICD-10 (orodha ya kimataifa inayopa kila ugonjwa namba yake) kwa ajili ya taarifa za MTUHA (mfumo wa serikali wa takwimu za afya), madai ya bima na fomu za rejista ya saratani. (Zamani nilikuwa nasema nyumbani kwamba kazi yangu ni "kuweka kodi". Mama mkwe akaniuliza TRA wananilipa shilingi ngapi. Tangu siku hiyo nasema msimbo.)

Huku kwetu saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, si ugonjwa wa kusikia redioni. Wanakuja wameshakonda, shati linaning'inia, wengi wao wameishi kwa uji na maziwa miezi kadhaa kabla ya kufika getini. Sasa, juzi mkaguzi wa ndani alipitia mafaili ya mwaka mzima akakuta 38 nimeyapa C15.9, yaani saratani ya umio, sehemu haikutajwa. Bosi akaniita. Hakufoka, alinikaribisha hadi chai. Ila akasema neno ambalo limeninyima usingizi: "Wengi uvimbe huwa katikati. Zote weka C15.4, ripoti ipendeze."

Sikukataa. Nilisema "sawa, nitaangalia", nikatoka. Ndiyo maana niko hapa usiku huu.

Nawapa faili moja mlione. Mzee wa miaka 62. Jalada limekatika kona, limefungwa kwa kipande cha bandeji ya wodini. Ukurasa wa kwanza tabibu wa zamu ameandika: "Koo linabana miezi mitano. Ugali haupiti tangu Pasaka, sasa ni uji mwepesi." Chini yake, utambuzi: "Ca koo" (Ca ni kifupi cha saratani). Ukurasa wa tatu, daktari wa raundi: "?Ca umio". Ukurasa wa sita kuna karatasi ya endoskopi (kamera ya kumezeshwa) imekunjwa mara nne, ina duara la kikombe cha chai: "Uvimbe unaanza sm 28, unavuja damu ukiguswa. Kamera haikupita. Vinyama 6 vimechukuliwa." Majibu ya patholojia, yaani maabara inayopima hivyo vinyama, yamebanwa nyuma kabisa, baada ya karatasi za joto na presha: saratani ya seli za skwamasi (seli bapa za utando wa ndani), iliyokomaa kiasi. Karatasi ya kuruhusiwa imeandikwa hivi, naikopi kama ilivyo: "Ca. Dawa za maumivu. Arudi kliniki."

Ca ya nini? Hapo ndipo nilipoweka C15.9.

Naomba msaada. Je, mimi mwenyewe naruhusiwa kuisoma hiyo "sm 28" nikaigeuza kuwa theluthi ya kati, au lazima daktari aandike kwa mkono wake? Hiyo "Ca koo" nayo niifanyeje, maana ipo kwenye mafaili mengi? Halafu kinyama kilichukuliwa 18 Desemba, majibu yakaja 29 Januari: mgonjwa huyu ni wa mwaka upi? Na la mwisho, anwani yake imeandikwa Moshi mjini, lakini mzee mwenyewe lafudhi yake na stori zake zote ni za Kiteto, mkoani Manyara.

Naomba kuwasilisha.

Mchagga_Mtulivu, Jumanne saa 3:20 usiku

Mkuu weka C15.4 ulale. Hizo ripoti nani anazisoma?

Mama_Rejista, Jumanne saa 5 usiku

Marahaba mwanangu. Na wewe Mtulivu, mimi ndiye ninayezisoma. Miaka 19 nimekaa kwenye rejista ya saratani, macho yameisha kwa mwandiko wa madaktari. Kwa hiyo nitajibu kwa urefu, mnivumilie.

Naanza na bosi, maana hapo ndipo penye moto. C15.9 inasema "hatujui ni sehemu gani". C15.4 inasema "tumeona, iko katikati". Ukiandika ya pili wakati ukweli ni ya kwanza, umetoa ushahidi wa kitu ambacho hakuna aliyekiona. Tena 9 ina faida moja kubwa: mtu akikuta 9 nyingi kutoka hospitali fulani anajua pale maandishi ni mabovu, atatuma mtu kufundisha. Akikuta 4 tupu atasema hongereni, na hakuna kitakachorekebishwa. Rejista huwa zinapimwa pia kwa wingi wa hizo 9, ni kweli, lakini zinapimwa ili zifuatiliwe. Hakuna aliyesema zipakwe rangi.

Sasa kitabu chenyewe. Wengi mnakifungua kwenye C15 mnachanganyikiwa, na mna haki, kwa sababu pale mgawanyo uko wa aina mbili kwa makusudi. C15.0 ni umio wa shingoni, C15.1 wa kifuani, C15.2 wa tumboni. Halafu C15.3 ni theluthi ya juu, C15.4 ya kati, C15.5 ya chini. Ni kiungo kilekile kimekatwa kwa visu viwili, na vipande havilingani. Kitabu chenyewe kinakiri kwamba hapo kimevunja kanuni yake ya makundi kutoingiliana, kwa sababu madaktari wanatumia lugha zote mbili. Kwa hiyo wewe fuata lugha ya daktari wako. Akisema "kifuani" tu, usimlazimishie theluthi.

Na sentimita? Zinahesabiwa kutoka meno ya mbele. Mpaka unaotumika sana kwenye upangaji wa hatua za ugonjwa ni huu: umio unaanza kwenye sm 15 hivi, shingoni ni hadi 20, kifua cha juu 20 hadi 25, cha kati 25 hadi 30, cha chini 30 hadi 40, na hapo 40 ndipo unapokutana na tumbo. Ni makadirio, mtu mrefu si sawa na mfupi. Jibu langu kwako: usigeuze kwa akili yako peke yako. Chapa huo mgawanyo kwenye karatasi moja, mpelekee daktari bingwa wenu na Mganga Mfawidhi, waupitie wausaini, ubandike ukutani. Kuanzia siku hiyo hukisii tena. Unatekeleza maelekezo ya hospitali yenye saini, na aliyekuja zamu baada yako atafanya vilevile.

Uvimbe ukipita mpaka, tuseme 27 hadi 33, watu wanakimbilia C15.8. Taratibu. C15.8 ni ya uvimbe unaopanda sehemu mbili zinazopakana na ambao haijulikani ulianzia wapi. Daktari akiandika "umeanzia katikati ukashuka", hiyo ni C15.4. Na ukisoma "pale umio unapoungana na tumbo", toka kabisa kwenye C15, nenda C16.0.

Kwa huyo mzee wako, 28 ni makali ya juu. Mwisho wake haujulikani, kamera haikupita. Mimi ningeweka C15.4 kwa sababu hapo katikati uvimbe umeonekana kwa macho, kisha pembeni ningeandika "mwisho haukuonekana", halafu ningeanza kutafuta picha ya bariamu (eksirei anayopigwa mgonjwa akimeza dawa nyeupe). Rejista si jiwe. Taarifa mpya ikija unarekebisha na unaandika tarehe uliyorekebisha.

Koo. Hili neno limenizeesha. Kiswahili chetu kinaita kila kitu koo: kinachopitisha ugali ni koo, kinachotoa sauti ni koo, tezi ikivimba shingoni watu wanasema anaumwa koo. Lakini kwenye kitabu, umio ni C15, zoloto, yaani kisanduku cha sauti, ni C32, koromeo lisiloelezwa vizuri ni C14.0, tezi ya shingo ni C73. Niliwahi kumfuatilia mama mmoja aliyesajiliwa kama umio miaka miwili. Nikampigia simu binti yake, nikauliza mama anakulaje. "Anakula vizuri tu, shida yake ni huo uvimbe wa shingoni uliopasuliwa." Mgonjwa wa umio anayekula ugali na nyama miaka miwili bila shida! Kwa hiyo ukiona "Ca koo" usiandike kitu. Soma malalamiko. Ugali haupiti, anatema mate, kakonda: unatafuta endoskopi. Sauti imekauka, anakoroma akivuta pumzi: unatafuta kwa madaktari wa masikio, pua na koo. Malalamiko yanakuonyesha mlango wa kugonga tu, msimbo hauandikwi kwa malalamiko.

Tarehe: ni 18 Desemba. Pale saratani inapothibitishwa kwa kinyama, siku inayohesabiwa kwanza ni ile kinyama kilipochukuliwa. Ikikosekana hiyo, siku maabara ilipokipokea, ikikosekana nayo ndipo tarehe ya majibu. Majibu ya Januari hayamhamishi mtu mwaka.

Msimbo wa aina ya chembe zake kwenye fomu ya rejista ni 8070/3, na kwa kuwa imekomaa kiasi, tarakimu ya sita ni 2. Chanzo cha utambuzi ni 7, kinyama kutoka uvimbe wenyewe. Angekuwa na bariamu tu bila kinyama ungeandika 2, na huo si ufukara wa kuonea aibu, mzee mwingine ana moyo mbovu hawezi kuwekewa kamera.

Anwani ndiyo inayoniuma kuliko yote. Mgonjwa anatoka Kiteto, anafikia kwa mwanawe Moshi, karani getini anauliza "unakaa wapi?", anajibu Moshi, kwa sababu ndipo alipolala jana! Halafu tunachora ramani ya saratani ya umio, tunashangaa miji yenye hospitali kubwa imejaa wagonjwa. Ugonjwa huu una ukanda wake unaojulikana, kutoka Ethiopia kushuka Kenya, Tanzania, Malawi hadi Afrika Kusini, na ndani ya ukanda huo kuna maeneo yenye wagonjwa wengi kuliko majirani zake. Watu wanatafuta sababu, chai inayounguza, tumbaku, moshi wa jikoni, maji, chakula. Sasa ukimwandika mtu wa Kiteto kuwa wa Moshi, umemnyima mtafiti kijiji chake. Mimi sikuulizi "unakaa wapi". Nakuuliza, "Kabla hujaanza kuumwa, mavuno ya mwisho uliyavunia wapi?" Hapo nitapata kata, kijiji, hadi jina la mwenyekiti.

Dkt_Kamera, Jumatano saa 1 asubuhi

Nimesoma kabla ya kuingia chumbani. Mama Rejista heshima yako.

Upande wetu, tunakosea, nakubali. Siku ya endoskopi naweza kuwa na wagonjwa 14 kwenye benchi, kamera moja, na mashine ya kuoshea inagoma. Karatasi ya faili naandika mistari mitatu. Nikiandika "sm 28, haikupita" najua mwanzo tu, na kwa wagonjwa wetu hilo ni jambo la kila wiki, wanafika njia imebaki upana wa kalamu. Tukiwa na kamera nyembamba tunajaribu. Tusipokuwa nayo, bariamu.

Ila nikuulize, Karani: umewahi kuja chumbani kwetu? Kuna daftari. Nesi anaandika kila mgonjwa, tarehe, sm za mwanzo na mwisho, idadi ya vinyama, na kama tumeweka stenti (kibomba cha kupanua njia ya chakula). Faili linaweza kupotea mji mzima, daftari lile halijatoka kwenye droo yake tangu nifike. Watu wa rekodi huwa hawaji, wanadhani kila kitu kiko kwenye faili.

Jambo dogo: wazee wengi hawana meno ya mbele. Tunapima kutoka kwenye ufizi. Usiniandikie barua kuuliza.

Na tafadhali, mgonjwa akija kliniki siku ya kwanza analalamika chakula hakipiti, hamjui kitu, mpeni R13 (shida ya kumeza) mpaka tuangalie. Kuna watu wana kovu la kumeza magadi au tindikali utotoni, hao ni K22.2 (umio ulioziba bila saratani), nimewahi kukuta mmoja ameshaambiwa ana kansa.

Rekodi_Bonde, Jumatano saa 4 asubuhi

Hamjambo ndugu zangu. Niko Kenya, upande wa Bomet. Huku ugonjwa huu tunaujua kwa jina na kwa sura, hospitali ya Tenwek wamewekea watu stenti miaka na miaka, na tunao hata vijana wa chini ya miaka 30. Ukienda matanga, mtu akisema marehemu "alikuwa anakunywa maziwa tu", hakuna anayeuliza zaidi.

Mmesema mafaili, mimi nataka kusema cheti cha kifo. Baba yangu mdogo alikufa na ugonjwa huu. Tuliuza ng'ombe watatu. Alikuwa na stenti, kinyama kilikuwa na majibu, kila karatasi ilikuwa kwa mfuko wa nailoni ambao shangazi alibeba kila mahali. Alikufa usiku katika hospitali nyingine, jina siweki. Cheti kikatoka: "Moyo kusimama." Basi. Mimi ni mtu wa rekodi, nikasoma hiyo karatasi mbele ya jeneza nikajua vile itaenda: I46.9. Hata mmoja kati yetu hana moyo ambao hausimami akifa!

Nikarudi huko wiki mbili baadaye. Sikupigana. Niliuliza tu daktari kijana kama anakumbuka yule mzee. Akakumbuka: alikuwa anakohoa kila akimeza, uji ulikuwa unaingia kwa mapafu. Nikamwambia, si hiyo ndiyo hadithi? Mstari wa juu, nimonia ya kuvuta chakula, hiyo ni J69.0. Mstari wa pili, tundu kati ya umio na bomba la hewa. Mstari wa chini kabisa, saratani ya umio. Ule wa chini ndio serikali inahesabu, ule ulioanzisha mambo yote. Kijana aliniambia shuleni walifundishwa saa moja tu kujaza hiyo fomu, na usiku ule alikuwa peke yake na wodi mbili. Alijaza upya. Sikuwa na hasira naye tena.

Kwa hivyo Karani, ukiwa unasoma mafaili ya waliofariki, angalia hiyo karatasi pia. Usibadilishe wewe. Rudisha kwa daktari, simama hapo mpaka aandike.

Mdau_Minnesota, Jumatano saa 11 jioni

Salamu kutoka Marekani. Nafanya kazi hii hii huku, kwa bima. Tahadhari moja kwa wanaojisomea mitandaoni: toleo la huku la ICD-10, ambalo linatumika tangu Oktoba 2015, halina C15.0, .1 wala .2. Lina .3, .4, .5, .8 na .9 tu. Kwa hiyo ukifuata video za huku ukadhani C15.1 haipo, utakosea kwenu.

Pia huku saratani ya umio ya aina ya tezi, adenokasinoma, ndiyo inayoongoza, na inakaa chini karibu na tumbo. Kwenu ni skwamasi. Maana yake "wengi huwa katikati" au "wengi huwa chini" ni mazoea ya mahali, usiyageuze kuwa msimbo. Huku mtu anayejaza msimbo ambao daktari hakuuandika anaweza kufukuzwa, au kushtakiwa kama kuna pesa ndani yake. Tunachofanya ni kumtumia daktari swali la maandishi, na swali lenyewe lina sheria: huruhusiwi kumwekea jibu mdomoni. Huulizi "Ni theluthi ya kati, siyo?" Unauliza "Tafadhali taja sehemu ya umio yenye uvimbe, kama inajulikana." Hilo "kama inajulikana" ni muhimu, linampa nafasi ya kusema haijulikani.

Kingine mnachosahau wengi: mgonjwa aliyetolewa uvimbe na kumaliza tiba zote si C15 tena, ni historia, Z85.0 kwenye toleo lenu. Akiwa bado anachomwa mionzi au yuko kwenye dripu ya kemo, bado ni C15 hata kama uvimbe umekatwa.

Mchagga_Mtulivu, Jumatano saa 12 jioni

Nimekaa kimya najifunza. Mama Rejista nisamehe.

Mama_Rejista, Jumatano saa 2 usiku

Umesamehewa. Ulikuwa unasema wanayoyawaza wengi.

Karani_wa_Mafaili, wiki tatu baadaye

Wakuu nimerudi. Nawapa mrejesho maana uzi ukiachwa bila mwisho unaudhi.

Siku ya pili yake nilikwenda chumba cha kamera. Miaka mitano naipita ile korido kwenda kantini, sijawahi kugonga. Nesi akanitazama kama nimekuja kudai deni. Nikamweleza, akafungua droo, akatoa kaunta buku lenye jalada jekundu, limeviringishwa plastiki ya mkate. Wakuu, kila kitu kimo. Mwanzo, mwisho, imepita, haikupita. Mwandiko wa duara, wino wa bluu, hakuna mstari ulioachwa. Nilikaa nalo kwenye kibao pale pale siku nne, kila mchana baada ya saa 8, kwa sababu alikataa lisitoke nje ya mlango. Nilimwelewa.

Yale mafaili 38 yameishia hivi. Matatu hayakuwa umio kabisa, na hapa naungama: mimi ndiye niliyesoma "Ca koo" nikaenda C15 bila kufungua kurasa za nyuma. Mawili ni zoloto, moja ni tezi, kama hadithi ya Mama Rejista vile. Mafaili mengine mawili ni mtu mmoja: alikuja Machi kwa jina la baba, akarudi Septemba kwa jina la ukoo na umri umepungua miaka minne. Nilimgundua kwa sababu vinyama vyote viwili vilitoka sm 31 na kijiji ni kilekile. Kwa hiyo watu wa umio ni 34, siyo 38.

Kati ya hao, kwa daftari, picha za bariamu na ile karatasi ya sentimita (imesainiwa, iko ukutani), 13 ni theluthi ya kati, 7 ya chini, 2 ya juu, 3 wamepanda mpaka bila chanzo kujulikana. Waliobaki 9 ni C15.9 na watabaki hivyo. Wawili kati yao walifariki kabla ya kuwekewa kamera, wengine karatasi zao zimepotelea walikopewa rufaa.

Bosi alipoona 13 akacheka, "Si nilikwambia wengi ni katikati?" Nikamwambia bosi, 13 kati ya 34 haifiki hata nusu. Akachukua kalamu akahesabu mwenyewe. Hakusema kitu, ila ile ripoti ameisaini na zile 9 zikiwa humo.

Mzee wa 62 sasa. Bariamu alikuwa amepigwa kweli, ila kama mnavyojua filamu huwa anapewa mgonjwa aende nayo. Nikampigia mwanawe wa Moshi. Bahasha ilikuwa juu ya kabati, wanaitumia kufunikia redio. Akaileta. Maelezo ya mtu wa mionzi: njia imebana kuanzia theluthi ya kati hadi ya chini, hakuna palipotajwa kuwa chanzo. Daktari akathibitisha kwa mkono wake. Kwa hiyo ni C15.8. Yangu ya C15.9 ilikuwa pungufu, na ya bosi ingekuwa uongo kwenye faili lile lile nililoanzia nalo. Mama Rejista, ile C15.4 yako ya muda nayo imerekebishwa, tarehe nimeandika pembeni.

Mavuno ya mwisho mzee aliyavunia Kiteto. Mahindi, na alizeti kidogo. Mwanawe alisema mzee alikuwa akinywa chai ikiwa bado inachemka kwenye birika, akicheka wanaopuliza. Nimejaza na hilo, sehemu ya vinywaji vya moto, ambayo kwa miaka mitano nimekuwa nikiiruka.

Jambo la mwisho. Dkt. wetu bingwa alikataa fomu mpya, akasema fomu zimezidi. Basi tukachongesha muhuri kwa fundi wa stendi, wa mpira, una nafasi za kujaza: *Mwanzo sm ... Mwisho sm ... Imepita / Haikupita. Vinyama ... Tarehe ...* Nesi anaugonga kwenye karatasi ya faili kabla mgonjwa hajaingia, daktari akimaliza anajaza tu namba. Wiki ya kwanza umetumika kwa wagonjwa 11, karatasi 10 zimejazwa zote.

Dkt_Kamera, siku hiyo hiyo

Huo muhuri nimeupenda. Na ile ya kumi na moja?

Karani_wa_Mafaili

Wino ulikauka. Nimenunua kichupa kingine, nimemkabidhi nesi, amekifungia kwenye ile droo.